Trei Isiyotulia

Asubuhi ile mabinamu wawili walikaribia kushikana mashati kwa sababu ya mahali pa kuweka faili.

Walikuwa kwenye chumba chao cha kazi, nyuma ya duka la fotokopi, ambako ukuta ulitetemeka kila mashine ya jirani ilipoanza kuchapa. Juu ya meza palikuwa na boksi la mbao lenye trei moja, na ndani ya trei walipanga ndimu badala ya mayai. Trei iliinamia kushoto. Ikatulia kidogo. Ikainamia kulia. Ndimu zikagongana kama watu waliobanana mlangoni.

"Hebu izime, inanipa kizunguzungu," alisema binamu wa kike. Huyu hakuamini kitu kabla ya kukipima, hata chai aliipima kwa kijiko kilekile kila siku, kwa hiyo aliitwa Kipimo.

"Naijaribu," alijibu wa kiume. Wa kiume aliitwa Jogoo, na hajapata kulikataa jina hilo. "Mayai yanageuzwa kila baada ya saa mbili. Unataka nikae saa mbili nikingoja trei iiname, niote mvi hapa? Nimeiambia igeuke kila dakika."

"Na kengele?"

"Nimeizima. Ingetutoboa masikio."

Programu hiyo waliiandika wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kutotoa vifaranga: kulinda joto na unyevu, kugeuza mayai, na kupiga kengele mambo yakienda kombo. Mashine ya kwanza ilikuwa kwa Shangazi. Shangazi huyo alikuwa mama mzazi wa Kipimo, na ndiye aliyemlea Jogoo, mtoto wa kaka yake, tangu Jogoo alipokuwa na mapengo. Sasa alikuwa amepatikana mteja wa pili, mfugaji wa bata, na ugomvi ndipo ulipoanzia, maana yai la bata lina siku zake na unyevu wake.

Tangu mwanzo Jogoo aliandika kila kipimo ndani ya msimbo wenyewe. Joto hili, saa hizi, unyevu huu. Shangazi akitaka kubadilisha chochote, alimpigia simu. Jogoo alibadilisha msimbo, akaunda programu upya, akaenda na flashi mfukoni, na watu wakimpisha njiani kama mganga mwenye mkoba. Alizipenda simu zile. Hakumwambia mtu, lakini alizipenda.

"Natoa nakala mbili," alisema. "Moja ya kuku, moja ya bata. Mambo kwisha."

"Kesho akija mtu wa kware?"

"Ya tatu."

"Ukiona kasoro utairekebisha mara tatu? Wewe ambaye soksi mbili zinakushinda kuzikutanisha?"

Jogoo alitazama miguu yake. Soksi moja nyeusi, moja ya kijivu.

"Mipangilio itoke kwenye msimbo," Kipimo aliendelea. "Ikae kwenye faili lake, kwenye kompyuta ya mwenye mayai, mbali na programu. Programu ije, iondoke, ibadilishwe, faili la mtu libaki kwake. Na mama awe na ukurasa wa kubadilisha mwenyewe."

"Shangazi abadilishe? Abonyeze joto hadi vifaranga viwe mchuzi, halafu niulizwe mimi? Mimi sipendi mtu aingize mwiko kwenye chungu changu."

"Chungu chako. Mayai ya nani?"

Jogoo akaipa trei mgongo. Siku moja kabla alikuwa amekubali nusu ya maneno ya binamu yake: vipimo alivitoa kwenye msimbo, akaviweka kwenye faili. Lakini faili lenyewe aliliacha ndani ya folda ileile ya programu, ubavuni mwake, kama ndama na mamaye. Awe nalo karibu. Liwe lake.

"Likikaa humo," Kipimo alisema, "siku utakayobeba folda utabeba na majaribio yako."

"Nitalihamisha. Kazi ya kupepesa jicho."

Simu ikalia. Shangazi.

"Baba, kioo chako kimelala," alisema. Alimwita baba kwa kuwa Jogoo alipewa jina la babu. "Joto linasema hivyohivyo tangu jana, halipandi, halishuki. Kesho mayai yanaacha kugeuzwa, yangoje kutotoa. Nisipoona joto sitatulia."

"Nakuja, Shangazi. Hiyo kasoro naijua, nimeshaitibu. Hesabu imekwisha."

Haikuwa kwa sababu ya kioo tu kwamba Shangazi hakutulia. Mwezi ule mdondo uliingia bandani kwake na kuwafyeka kuku wote. Walikuwa vishingo, wale kuku wenye shingo tupu ambao watoto huwacheka na wapishi huwagombania. Mbegu yao aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na wa kwake. Hakubakiwa na hata mmoja. Kilichobaki ni trei za mayai yaliyotagwa kabla ugonjwa haujaingia, nayo yalikuwa ndani ya mashine. Yakitotoa, mbegu ipo. Yakiharibika, vishingo wa ukoo wao wamekwisha.

Jogoo alinakili folda kwenye flashi, akaichomoa, akashika mlango.

"Faili!" Kipimo aliita.

"Baadaye!" Alidhani bado ni ugomvi uleule.

*

Banda la Shangazi lilikuwa tupu na jeupe. Mwenyewe alikuwa ameinama akinyunyiza chokaa kwenye kona, kitambaa puani, kwa hasira ya mtu anayefukuza mwizi aliyekwisha ondoka. Jogoo alimwamkia, akapita moja kwa moja hadi chumba cha mashine. Mle mlikuwa na pazia zito, joto la pumzi, na harufu ya maji ya vuguvugu.

Alichomeka flashi. Akafunika folda ya zamani kwa mpya. Akawasha programu. Namba ya joto kwenye kioo ikacheza, ikapanda kidogo, ikashuka kidogo, hai kama mshipa wa shingo.

"Umeona?" Jogoo alisema, kifua mbele. "Nani kama mimi?"

"Hakuna, baba," Shangazi alisema kutoka mlangoni, akimcheka kwa macho. "Haya, nisiguse nini?"

"Usiguse chochote. Kengele isipolia, endelea na yako. Ikilia, nipigie."

Akaondoka mbio, maana mfugaji wa bata alikuwa akimngoja. Hakukaa hata trei ikaanza kuinama.

Mfugaji wa bata alikuwa mtu mnene mwenye buti za mpira, mcheshi wa kupindukia. Mashine yake ilikuwa mpya, haijapata yai, inang'aa. Jogoo alipakia programu ileile kutoka kwenye flashi, akaandika unyevu wa bata, akaandika siku za bata, akasimama pembeni kama bwana harusi.

"Haya, tuione," mfugaji alisema.

Trei ikainama.

"Lo! Inacheza."

Wakatazamana wakicheka. Jogoo akaanza kumweleza jinsi mama bata anavyogeuza mayai kwa mdomo ili mtoto asigande upande mmoja wa ganda. Alikuwa katikati ya maneno trei ilipoinamia upande wa pili.

"Tena?" mfugaji aliuliza.

"Ni ya kuonyesha tu..." Jogoo alisema. Akainamia kompyuta.

Trei ikarudi upande wa kwanza.

"Kijana, hii ni ya mayai au ya kubembelezea mtoto? Inachoka lini?"

Jogoo hakusikia. Alikuwa amefungua faili tena, safari hii akasoma mistari yote. *Geuza: kila dakika moja. Kengele: hapana.* Herufi zake mwenyewe, zilezile za ndimu mezani. Hakubeba programu peke yake. Alibeba na faili lake la majaribio, akalimwaga juu ya vipimo vya Shangazi. Tangu asubuhi mayai ya mwisho ya vishingo yalikuwa yakitikiswa kila dakika, na kengele iliyopaswa kumwita mtu alikuwa ameifunga mdomo yeye.

Akampigia Shangazi. Simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata. Alimwona kwa mawazo, ameinama bandani na chokaa, simu iko chumbani chini ya mto.

Aliyebaki ni Kipimo. Chumba chao cha kazi kilikuwa karibu na kwa Shangazi kuliko pale alipokuwa. Kidole kikakaa juu ya jina lake bila kubonyeza. Kiburi nacho kina uzito wake. Alikisikia kikimvuta mkono chini. Trei ikainama tena mbele ya macho yake. Akabonyeza.

"Binamu. Kimbia kwa mama. Chomoa mota. Sasa hivi."

Kipimo hakuuliza kwa nini. Alisema neno moja tu, "Folda," halafu kikasikika kiti kikianguka.

*

Jogoo alipanda pikipiki ya kwanza iliyopita.

"Kuna mgonjwa?" dereva aliuliza.

"Kuna mayai."

"Ya nani?"

"Endesha, kaka!"

Dereva aliendesha, lakini barabara haikuwa na haraka. Lori liliziba njia likirudi nyuma. Mama mmoja alivusha watoto wa shule, mkono juu, hana wasiwasi na dunia. Taa ikawa nyekundu. Kichwani mwa Jogoo trei ilikuwa ikiinama. Taa ikawa kijani, trei ikainama. Alikanyaga breki ambazo hazikuwapo, akasukuma mgongo wa dereva kana kwamba injini iko humo.

"Bro, ukinisukuma tutafika hospitali kabla ya mayai."

Alishuka kabla pikipiki haijasimama.

Kipimo alikuwa amekaa sakafuni katika chumba cha mashine, ameshika plagi ya mota mkononi kama mtu aliyeng'oa jino. Alikuwa bado anahema. Tundu za hewa zote alikuwa amezifungua. Kwenye kioo joto lilikuwa likishuka, lakini lilikuwa linashuka kutoka juu mno. Mota haikuumbwa kufanya kazi bila kupumzika. Ilichemka, na moto wake ukaingia kwa mayai.

Shangazi alisimama mlangoni, mikono myeupe kwa chokaa.

"Niliisikia," alisema. "Nilipokuja kuchota maji. Krii, krii, krii. Nikasema, ndiyo akili mpya aliyoniletea."

"Shangazi, kwa nini hukuizima?" Sauti ilimtoka Jogoo kali kuliko alivyotaka.

Shangazi alimtazama.

"Wapi, mwanangu?"

Jogoo akaitazama mashine.

"Nizimie wapi? Nionyeshe. Ulinipa kioo cha kutazama. Plagi umezipachika huko nyuma, ukasema nikigusa nimeharibu. Na kengele haikulia. Ulisema isipolia niendelee na yangu. Nikaendelea na yangu."

Hakupaza sauti. Angepaza, Jogoo angeweza kujitetea.

Walitundika blanketi juu ya pazia, chumba kikawa giza. Kipimo akawasha tochi. Shangazi aliinua yai moja moja, akaliweka juu ya mwanga, na ganda likawaka jekundu kama kiganja kilichofumbatia taa. Ndani palionekana kivuli, na kwenye kivuli, akiwa na bahati, mtikisiko.

"Yupo," alisema Shangazi. Akalirudisha.

"Yupo."

Lingine alilishika muda mrefu, akaligeuza, akalisogeza sikioni, akalirudisha kwenye mwanga. Akampa Jogoo. Kazi ya Jogoo ilikuwa kupokea yale yasiyorudi. Aliyapanga kwenye ndoo yenye nyasi, polepole, kana kwamba bado yanaweza kuumia.

Walipowasha taa, ndoo ilikuwa imejaa kuliko trei.

*

"Narudisha kila kitu ndani ya msimbo," Jogoo alisema. Walikuwa wametoka nje, wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, kompyuta ya Kipimo juu ya kreti. "Kila kitu. Kusiwe na faili, kusiwe na mtu wa kukosea."

"Aliyekosea leo ni mtu gani?" Kipimo aliuliza. "Jirani?"

"Umenisubiri siku nyingi uniambie hivyo."

"Nimekusubiri unisikilize, Jogoo. Kukuambia nilishakuambia."

"Nyamazeni," Shangazi alisema. Alikuwa ananawa chokaa. "Mimi huo msimbo siujui na sitaki kuujua. Nauliza neno moja. Hii mashine ikipata wazimu tena, na wewe uko kwa watu wa bata, mimi nafanyaje?"

Kwa maneno Jogoo hakuwa maskini. Aliweza kumjibu yeyote, mtaani, kazini, hata kwa vina. Safari hii aliyaacha maneno.

Akavuta kompyuta.

"Haya," alisema. "Tuanze upya. Binamu, kaa hapa."

Walibishana wakiandika, lakini sasa ubishi ulikuwa na kazi. Jogoo akataka joto la juu kabisa, lile linaloua, libaki ndani ya msimbo.

"Hilo halibadiliki kwa kuku wa mtu yeyote," alisema. "Mtu asiweze kulivuka, hata mimi nikiwa nimelewa sifa."

Kipimo akamtazama kwa pembe ya jicho. "Hilo nakubali. Liandike."

Saa za kugeuza, unyevu, siku za yai, hizo zilikwenda kwenye faili la nyumba, kwenye folda nyingine ambayo programu huisoma lakini haiibebi. Ya ndimu yatabaki kwa ndimu, ya bata kwa bata.

"Na programu ikifika mahali isikute faili?" Kipimo aliuliza.

"Itumie yangu ya..." Jogoo akajikata. "Hapana. Isikisie. Isimame, iulize."

"Na kabla ya kuanza?"

"Ijisomee kwa sauti inachokwenda kufanya. Mwenye nyumba akubali."

Jogoo aliijaribu palepale. Akafuta faili makusudi, akawasha programu. Haikugeuza kitu. Ikaandika kwenye kioo: *Sina mipangilio ya hapa. Nani anipe?* Jogoo alitazama sentensi ile kwa muda. Ilikuwa yake, ameiandika mwenyewe, na bado aliiona kama mtoto mtukutu wa jirani aliyejifunza kubisha hodi.

Waliingia ndani. Kwenye kioo sasa palikuwa na ukurasa wenye herufi kubwa na kitufe chekundu cha kusimamisha. Kengele ikabaki na sharti lake: ukiizima, inajiwasha yenyewe baada ya muda mfupi.

"Bonyeza, mama," Kipimo alisema. "Uiambie unavyotaka."

Shangazi alikausha kidole kwenye kanga yake. Mipangilio ilimuuliza: *Kugeuza mayai?* Alibonyeza *Hapana*.

Jogoo alishituka. "Shangazi, utaratibu ni kesho..." Akaona uso wake.

"Leo wamesukumwa vya kutosha," Shangazi alisema. "Wapumzike."

*Kengele impigie nani?* kioo kiliuliza.

"Mimi," Jogoo alisema haraka.

Shangazi akaandika namba yake mwenyewe, tarakimu moja moja, akizitamka. Halafu akaandika ya Kipimo. Palikuwa na nafasi ya tatu.

"Na mimi, Shangazi?"

"Simu yako inapokelewa? Mtu akiwa anawika hasikii." Lakini aliiandika.

Siku zilizofuata Jogoo hakukaa akatulia. Kazini aliinuka, akakaa, akainuka. Ndimu alizitoa kwenye trei, akazikamua zote, akanywa maji yake bila sukari. Mwenye bata alipompigia, Jogoo ndiye aliyemsihi asubiri toleo jipya. Kila jioni alipita kwa Shangazi akasimama mbele ya mashine, mikono nyuma, akilitazama joto. Shangazi alimkataza kufungua mlango, naye hakufungua. Mashine ilikuwa kimya. Kimya kile kilimla kuliko krii krii.

Kisha siku moja, kabla hajafika mlangoni, alisikia sauti nyembamba ikitoka nyuma ya pazia. Pii. Ikanyamaza. Pii, pii.

Kipimo alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya mlango wa kioo wa mashine. Ndani, yai moja lilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa ukisogea. Lingine lilikuwa limekwisha gawanyika, na kando yake kitu kilicholowa, kibaya cha sura, shingo tupu nyekundu, kilikuwa kikijaribu kuinua kichwa kisichokubali kuinuka.

Hawakutoka wengi. Mayai mengine yalinyamaza hadi mwisho, na Shangazi hakuyalilia mbele ya watu. Waliotoka walitosha kujaza kapu dogo, nusu. Aliwatazama wakikauka, wakianguka, wakikanyagana.

"Mungu anijalie mitetea humo," alisema. "Jogoo ninaye, na kelele zake zinanitosha mwaka mzima."

Kipimo alicheka hadi akakohoa. Jogoo naye akacheka, macho yakimchoma.

Vifaranga walianza kutweta, midomo wazi. Walikuwa wameshakauka, joto la yai lilikuwa limewazidi. Mkono wa Jogoo ulikwenda wenyewe kwenye kioo. Ukasimama hewani.

"Shangazi," alisema, "joto lao lipunguzwe kidogo. Nipunguze?"

Shangazi aliusogeza mkono wake pembeni, polepole, kama mtu anayesogeza pazia.

"Asante kwa kuniambia," alisema, na akabonyeza mwenyewe.